Pazia la Korogwe

Mwanamke aliyetoka kujifungua, akiulizwa siku ile anayoruhusiwa kurejea kwao, mtoto mchanga angali mikononi mwake na beseni la nguo limekwisha kufungwa, kama waliomhudumia walimtendea vyema, hutoa jibu moja. Na mwanamke huyo huyo, akiulizwa swali hilo hilo wiki kadhaa baadaye akiwa kwake, arubaini imepita na mtoto amelala chandaruani, hutoa jibu jingine. Jambo hili mama zetu walilijua pasipo kufundishwa na mtu, lakini lilipata ushahidi wa hesabu katika Mkoa wa Tanga mwanzoni mwa muongo wa 2010, wakati watafiti wa Taasisi ya Afya ya Ifakara na wenzao wa Chuo Kikuu cha Columbia cha Marekani walipowahoji wanawake 1,779 waliokuwa wakitoka katika vituo 8 vya mkoa huo, kisha wakawafuata 593 miongoni mwao hadi majumbani, baina ya wiki ya 5 na ya 10 baada ya uzazi. Walipokuwa wakitoka kituoni, wanawake 19 katika kila 100 walisema kwamba walivunjiwa heshima au kutendewa ubaya wakati wa kujifungua. Nyumbani idadi hiyo ilipanda ikawa 28 katika kila 100.

Wapo waliopuuzwa walipoita, na hao ndio waliokuwa wengi, wapo waliokaripiwa, wapo waliotishwa na kusemwa kwa maneno ya kuvunja moyo, 30 kati ya wale 593 walipigwa makofi au kufinywa, na 31 walijifungua peke yao, ndani ya jengo lililojengwa ili mtu asijifungue peke yake.

Nimeitafakari sana tofauti hii iliyopo baina ya jibu la mlangoni na jibu la nyumbani, kwa maana naona kwamba ndani yake mna mas'ala yote ya falsafa ambayo watu wa afya, wanapokutana kuzungumza habari za ubora wa huduma, aghalabu huyaruka. Mwenye kujibu mlangoni si mwongo. Yumo katika shukrani, kwa kuwa yu hai na mtoto wake yu hai. Yumo katika haya, kwa kuwa aliyoonwa nayo hayasemeki mbele ya mgeni. Na yumo katika hofu, kwa kuwa kadi ya kliniki iliyo mkobani mwake itamrudisha pale pale mwezi ujao, mbele ya nyuso zile zile. Je, tukitaka kujua kama hospitali ni njema, tumsikilize yupi kati ya hao wawili? Na kama jibu ni yule wa nyumbani, kama niaminivyo mimi, basi ubora ni kitu gani hasa, hata uweze kufichika machoni pa wapimaji kwa wiki tano nzima?

Miaka kumi na kitu iliyopita nilimsindikiza umbu langu kwenda kujifungua mtoto wake wa kwanza, maana alikwisha kukata tamaa ya kupata mtoto, katika hospitali moja ya pwani ambayo sitaitaja. Tulikaa juu ya benchi la saruji, mimi, yeye na mama yetu, mama akiwa amepakata beseni lenye mpira wa kutandika, mipira ya mikono, nyembe, uzi na khanga mbili mpya, kama tulivyoagizwa kuja navyo. Dirisha la mapokezi lilikuwa na nondo, na aliyekuwa nyuma ya nondo hizo alikuwa na sauti kubwa. Akamuuliza umri wake, akamuuliza mimba ilikuwa ya ngapi na zilizotangulia zilikwenda wapi, akamsomea majibu ya vipimo vya damu kwa sauti ile ile, na watu wote waliokuwa wamekaa ukumbini wakageuza shingo. Majibu hayakuwa na ubaya wowote. Umbu langu aliivuta khanga yake ikamfunika hadi nyusini, akajibu kwa kutikisa kichwa.

Huko ndani mimi sikufika, na wala mama hakuruhusiwa. Kesho yake alasiri tulimpokea yeye na mwanawe wa kiume, na mtumishi aliyekuwa mlangoni akamuuliza, kwa wema kabisa, amehudumiwaje. Akajibu, "Vizuri, dada, Mungu awalipe." Siku ya arubaini, mtoto amekwisha kunyolewa na wageni wamekwisha kuondoka, ndipo alipomweleza mama. Vitanda vilikuwa viwili ubavu kwa ubavu bila ya kizuizi. Muuguzi alikuwa mmoja, na wazazi walikuwa saba. Muuguzi huyo alimwambia kwamba akipiga kelele atajizalisha mwenyewe. Na wakati alipokuwa katika hali ambayo mwanamke wa kwetu hapendi kuonwa nayo hata na dada yake, alipita fundi wa bomba na mkoba wa vyombo vyake, akaenda kulitengeneza bomba la maji lililokuwa likivuja ukutani, akamaliza, akarudi kwa njia ile ile. Hapakuwa na mtu aliyemkemea yule fundi, na sidhani kwamba fundi alikuwa na kosa, kwa sababu njia ya kuliendea bomba ilikuwa ni hiyo tu.

Kwa vipimo vya siku zile, umbu langu alihesabiwa miongoni mwa waliohudumiwa vyema. Mama salama, mtoto salama, uzito kilo tatu na ushei, damu haikuzidi, mshono safi. Yote hayo yalikuwa kweli, nasi tulimshukuru Mwenyezi Mungu kwayo.

Lugha yetu ina neno kwa kile kilichokosekana pale, na ni neno ambalo mradi wa Tanga uliojengwa juu ya ule utafiti ulilichukua kuwa jina lake: Staha. Asili yake ni Kiarabu, na shina lake ni lile lile lililotupa haya, likatupa hai na uhai, likatupa hayati. Ibn al-Qayyim, mwanachuoni wa Dameski aliyefariki mwaka 1350, aliifanya nasaba hii ya maneno kuwa hoja, akafundisha kwamba haya ya mtu ni kadiri ya uhai wa moyo wake, na kwamba moyo usioona haya ni moyo uliokaribia kufa. Tukilipokea fundisho hilo, basi staha haiwi pambo linalotiwa juu ya tiba baada ya tiba kukamilika, kama vile mtu atiavyo nakshi mlangoni nyumba ikiisha kujengwa. Inakuwa ndugu wa ule uhai wenyewe ambao tabibu ameapa kuulinda. Kumstahi mtu ni kumtambua kuwa yu hai kama wewe ulivyo hai. Fundi wa bomba alipita karibu na umbu langu kama apitaye karibu na meza.

Wako watu wenye haraka, nao ni watu wema, waniambiao kwamba maneno haya ni anasa ya nchi tajiri, na kwamba sisi kwanza tujenge vituo, tupate dawa, tupate magari ya wagonjwa, kisha staha tutaitafuta tukiwa na nafasi. Hoja hiyo ingekuwa na nguvu kama watu wetu wangekuwa wanakufa kwa kukosa vituo peke yake. Mwaka 2018 jopo la wataalamu lililoundwa na jarida la Lancet, likiongozwa na Margaret Kruk, yule yule aliyeshiriki katika utafiti wa Tanga, lilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati hufa kila mwaka watu zaidi ya milioni 8 kwa maradhi ambayo mfumo mzuri wa afya ungeweza kuyatibu. Na katika hao, milioni 3.6 ni wale ambao hawakufika kwenye huduma, na milioni 5 ni wale waliofika. Walifika, wakapokewa, wakaandikwa kitabuni, wakafa kwa ubaya wa huduma. Na nani atahesabu, katika wale wasiofika, ni wangapi waliokwisha kufika mara moja na kuapa kutorudi tena?

Ilimu ya kupima ubora wa tiba ina baba yake, naye ni Avedis Donabedian, Mwarmenia aliyezaliwa Beirut mwaka 1919, akakulia Palestina, akasoma udaktari, na hatimaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Michigan. Mwaka 1966 alitoa makala ndefu ambayo hata leo haikwepeki, akafundisha kwamba mwenye kutaka kuupima ubora atazame mambo matatu: vitu vilivyopo, yaani majengo, vyombo na watu, matendo yatendwayo kwa vitu hivyo, na matokeo yanayompata mgonjwa. Nusu karne ya ukaguzi wa hospitali duniani, pamoja na nyota zinazogawiwa vituo vyetu vya afya hapa Tanzania, imesimama juu ya mafiga hayo matatu. Lakini mzee huyo, aliyekuwa pia mtunzi wa mashairi, aliugua saratani na kukaa miaka mingi katika vitanda vya wagonjwa, na karibu na kifo chake mwaka 2000, alipoulizwa siri ya ubora ni nini baada ya maisha yote ya kuupima, hakutaja figa hata moja. Alisema ni mapenzi: kumpenda mgonjwa, kuipenda kazi, kumpenda Mungu; na kwamba mwenye mapenzi ndiye awezaye kurudi nyuma akautengeneza mfumo.

Nayaheshimu maneno hayo, na sina shaka kwamba aliyasema kwa tajriba. Hata hivyo yananitia katika tabu, kwa kuwa mapenzi hayaagizwi kwa waraka. Mganga mkuu wa wilaya anaweza kuagiza dawa, anaweza kuagiza taa, anaweza kumhamisha mtumishi mzembe, lakini hawezi kubandika ubaoni tangazo kwamba kuanzia Jumatatu wauguzi wote wawapende wagonjwa. Muuguzi mmoja mwenye wazazi saba, aliyekesha tangu saa mbili za usiku na hajatia kitu tumboni, hata awe na moyo wa dhahabu, utafika wakati moyo huo utanyamaza. Ikiwa ubora unaanzia moyoni, na moyo haufikiwi na amri wala fedha, tumefungiwa mlango.

Mwenye kutufungulia mlango huo, kwa maoni yangu, ni Aristotle. Katika kitabu chake cha maadili, ambacho Waarabu walikifasiri na kukisoma karne nyingi kabla ya vyuo vya Ulaya kukirejea, alifundisha kwamba fadhila haitangulii matendo bali huzaliwa nayo. Mtu huwa mwadilifu kwa kutenda uadilifu, na huwa shujaa kwa kutenda ushujaa, kama vile mpiga zeze awavyo mpiga zeze kwa kupiga zeze. Hapana mtu angojaye moyo wake uwe wa fundi ndipo ashike randa. Kant, katika kitabu alichokitoa mwaka 1785, alitupa sababu ya kumheshimu mtu, kwamba binadamu asifanywe chombo tu cha haja ya mwingine, kwa kuwa ana thamani katika nafsi yake. Na sababu hiyo ni tukufu, lakini mwenye kuisoma usiku akaamka asubuhi zamu yake ikimngoja bado atauliza, nianze wapi? Aristotle angemjibu kwamba aanze na mkono, moyo utafuata.

Na huko Korogwe walianza na pazia.

Korogwe ni wilaya ya Mkoa wa Tanga ambako mradi wa Staha ulijaribiwa, na wilaya ya Muheza, iliyo jirani, ikaachwa kama ilivyo ili iwe kipimo. Waliokusanywa kwanza hawakuwa wataalamu peke yao. Wanajamii na watumishi wa hospitali waliketi pamoja, wakaupitia mkataba wa huduma kwa mteja uliokuwapo kwenye karatasi za serikali, wakauandika upya kwa lugha wanayoisema wenyewe, wakakubaliana mgonjwa anamdai nini muuguzi na muuguzi anamdai nini mgonjwa, kisha wakauweka hadharani. Baadaye, ndani ya hospitali, watumishi wakakaa wao kwa wao wakatafuta ni mambo gani wangeweza kuyabadilisha wao wenyewe pasipo kungoja fungu kutoka mbali. Nastaajabia sana udogo wa mambo waliyoyachagua. Mahali pa kumpokelea mzazi pakahamishiwa kwenye chumba cha faragha, ili maswali ya mimba na damu yasisikiwe ukumbini. Mapazia yakatundikwa baina ya vitanda. Wanawake wanaotoka wakawa wanaulizwa maoni yao siku zote, si siku ya ugeni wa wakaguzi tu. Mtumishi aliyemkosea mzazi akawa anaketishwa na kushauriwa. Na walio zamu wakapatiwa chai.

Hilo la chai naliona kuwa la hekima kupita yote, nami nataka msomaji asilipite upesi. Aliyependekeza chai alielewa kwamba aliyevunjiwa staha yake mwenyewe, kwa njaa, kwa uchovu, kwa kukemewa mbele ya wagonjwa kwa ajili ya upungufu wa dawa ambao si yeye aliyeusababisha, hana akiba ya staha ya kumpa mwingine. Wanafalsafa wa haki wamegombana karne kwa karne juu ya nani amdai nani. Kikombe cha chai ya maziwa saa kumi za alfajiri kilikata shauri kwa kumtambua muuguzi kuwa naye ni mmoja wa waliomo chumbani, mwenye mwili unaochoka kama mwili ulio kitandani. Sikubaliani na makala nyingi nilizozisoma zinazomfanya muuguzi kuwa ndiye adui wa habari hii. Yule wa hospitali ya umbu langu alikuwa na wazazi saba.

Matokeo ya Korogwe yalichapishwa mwaka 2017. Uwezekano wa mwanamke kutendewa yale mabaya ulipungua kwa takriban theluthi mbili, ukilinganishwa na mwenendo wa mambo katika wilaya ya jirani. Pazia halikumfundisha mtu upendo. Lilichofanya ni kumlazimu muuguzi, kila mara kabla ya kumkabili mzazi, kunyosha mkono na kulivuta. Na mkono uvutao pazia mara ishirini kwa siku kwa ajili ya kumsitiri mtu, kwa muda wa miezi, humwambia mwenye mkono huo kwamba aliye nyuma ya pazia ni mtu wa kusitiriwa.

Lakini nisingekuwa mkweli kama ningeishia hapo, nikadai kwamba kitu cha nje kinatosha, kwa maana iko habari nyingine iliyoanza vizuri kama ya Korogwe na baadaye ikatufunza mipaka yake. Shirika la Afya Duniani, kwa uongozi wa daktari mpasuaji Atul Gawande, lilitunga orodha ya mambo 19 ya kuhakikishwa kwa sauti chumbani mwa upasuaji, kabla ya kumlaza mgonjwa kwa dawa ya usingizi, kabla ya kisu, na kabla ya kumtoa. Orodha hiyo ilijaribiwa mwaka 2007 na 2008 katika miji 8 ya dunia, na pamoja na London, Seattle, Toronto na New Delhi ulikuwamo mji wetu wa Ifakara, bonde la Kilombero. Katika wagonjwa 3,733 waliopasuliwa kabla ya orodha, waliofariki walikuwa asilimia 1.5, katika 3,955 waliofuata, walikuwa asilimia 0.8, na madhara baada ya upasuaji yakashuka kutoka asilimia 11 hadi 7. Moja katika mambo hayo 19 ni kwamba kila aliyemo chumbani ajitaje kwa jina lake na kazi yake. Jambo hilo, linaloonekana kama adabu ya ugeni tu, lina falsafa ya kina: aliyekwisha kutamka jina lake mbele ya bwana mkubwa, japokuwa ni muuguzi mwanagenzi, amekwisha kufunguliwa kinywa, na pindi aonapo kwamba mguu unaotaka kukatwa siwo, atasema.

Kisha jimbo la Ontario, Kanada, likaifanya orodha ya namna hiyo kuwa sharti la hospitali zake zote. Watafiti, katika makala iliyotoka mwaka 2014, walizipima hospitali 101 za huko, miezi mitatu kabla na miezi mitatu baada, wakakuta kwamba vifo vilikuwa asilimia 0.71 na vikawa asilimia 0.65, tofauti isiyotosha kusemwa kuwa ni tofauti. Alama za vema zilijazwa karibu katika kila upasuaji. Watu wameeleza sababu nyingi, na mojawapo ni ufupi wa muda huo. Mimi nashikilia ile inayokubaliana na habari ya Korogwe, kwamba kanuni waliyoitunga wenyewe walio kazini, au waliyoijadili hata ikawa yao, ni mazoezi ya fadhila, na kanuni iliyoshushwa kutoka juu ni mazoezi ya kujaza karatasi. Mkono hufundisha moyo pale tu mwenye mkono anapojua anachokifanya na kwa ajili ya nani. Ndiyo sababu sidhani kwamba pazia la Korogwe, likinunuliwa kwa maelfu na kugawiwa nchi nzima bila ya yale mazungumzo yaliyolitangulia, litafanya kazi ile ile. Katika wodi moja nimeliona kwa macho yangu, limekunjwa, limefungwa fundo juu ya fimbo yake ili lisiwasumbue wapitao.

Na tusidhani vilevile kwamba ukweli peke yake unatosha. Ignaz Semmelweis, Mhangaria aliyefanya kazi katika hospitali kuu ya Vienna, alikuta mwaka 1846 kwamba katika wodi ya kwanza ya wazazi, walikofundishwa madaktari, walikufa asilimia 11.4 ya wazazi kwa homa ya uzazi, na katika wodi ya pili, walikofundishwa wakunga, asilimia 2.8; na wanawake wa mji ule walilijua jambo hilo kabla ya madaktari, wakiomba kwa machozi wasilazwe wodi ya kwanza. Hapo tena ni jibu la nyumbani, ambalo hapana aliyelisikiliza. Alipotambua kwamba madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti na kuwaendea wazazi kwa mikono ile ile, akaamuru mikono ioshwe kwa maji ya klorini, na kufikia mwaka 1848 vifo vya wodi ya kwanza vilikuwa asilimia 1.27. Haki yote ilikuwa upande wake. Lakini wenzake walipompinga aliwaandikia barua za hadharani akiwaita wauaji, nao wakazidi kuziba masikio. Akafa mwaka 1865 katika nyumba ya wenye maradhi ya akili, na wazazi waliendelea kufa kwa miaka mingi kwa mikono isiyooshwa. Sithubutu kumlaumu mtu aliyeona makaburi yale. Nasema tu kwamba waliokuwa wakimsikiliza nao walihitaji pazia la kuvulia aibu yao, na kwamba katika Korogwe mtumishi aliyekosa aliitwa pembeni.

Tabibu wa kale Ishaq bin Ali al-Ruhawi, aliyeandika karne ya 9 kitabu cha adabu za tabibu, alikwisha kuliona hilo kwa upande wake, aliposhauri kwamba tabibu aandike kila alichokiona na alichokitenda kwa mgonjwa wake, ili jambo likiharibika matabibu wenzake wayasome maandishi hayo na kuamua kama alifuata njia iliyo sawa. Hii ni muhasaba, kuihesabu nafsi, isipokuwa inafanywa na watu wa kazi moja wakiwa wamekaa pamoja. Mikutano ya kujadili vifo vya uzazi inayofanywa leo katika hospitali zetu ni mtoto wa fikra hiyo, na pale inapofanywa kwa ajili ya kujifunza, watu husema kweli. Pale inapofanywa kwa ajili ya kumtafuta wa kufukuzwa, mafaili hupotea.

Umbu langu alipata mimba tena miaka minne baadaye. Aliapa kwamba hospitali hatakanyaga tena, na mama, aliyekuwa akijua vizuri hatari ya mwanamke aliyechelewa kuzaa kujifungulia nyumbani, alimbembeleza miezi mitatu hata akakubali kwenda kituo cha afya cha kata nyingine, mbali na kwetu, ambacho jirani mmoja alikisifia. Safari hiyo vilevile nilikaa nje. Ilikuwa usiku, na mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya joto, nikaweza kusikia sauti ya muuguzi, mtu mzima kwa makisio yangu, akimwambia jina lake yeye kwanza, kisha akamwuliza, "Nawe tukuite nani, mwanangu?" Nikasikia pete za pazia zikiteleza juu ya fimbo. Baada ya hapo sikusikia maneno tena, ila sauti ya kikombe kikiwekwa juu ya sahani.

Alizaa mtoto wa kike alfajiri. Alipokuwa akitoka waliomwuliza amehudumiwaje aliwajibu kwamba vizuri. Siku ya arubaini mama alimwuliza tena, wakiwa wawili jikoni, nami barazani nikisikia. Akajibu kwamba vizuri, akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwamba pazia lile lilikuwa fupi, miguu ilikuwa ikionekana, na kwamba mtu angepaswa kuwaambia.